Programu ya Kwanza ya PLC: Kuwasha na Kuzima Pampu

Huhitaji kununua PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo, ili uanze kujifunza. Kompyuta yenye Windows na programu ya CODESYS, inayopakuliwa bure, vinatosha kabisa mwanzoni, kwa sababu unaweza kuendesha mashine ya kuigiza humohumo. Anza na zoezi hili la pampu. Ni dogo, ila mantiki yake utaikuta kwenye mota nyingi sana viwandani.

Fungua mradi wa aina ya Standard project, chagua kifaa CODESYS Control Win na lugha ya LD, yaani mchoro wa ngazi. Fundi aliyezoea saketi za kontakta, yaani swichi za umeme zinazovutwa na koili, ataizoea haraka. Tangaza majina manne ya aina ya BOOL, yaani yenye thamani mbili tu, TRUE (ndiyo) au FALSE (hapana): washa, zima, ovalodi (kinga ya mota dhidi ya mzigo kupita kiasi), pampu. Kiswahili kinakubalika.

Kwenye ngazi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa mchoro, panga kontakti (alama za swichi) za washa, zima na ovalodi kwa mfululizo, mwishoni koili (alama ya kinachowashwa) ya pampu. Kisha weka kontakti ya pampu sambamba na washa peke yake. Hiyo ndiyo inayoshikilia: kidole kikitoka kwenye batani, pampu haizimi. Kontakti zote nne ziwe za kawaida, bila mkwaju, ule mstari wa mshazari unaogeuza TRUE kuwa FALSE.

Kwenye zima ndipo wengi hukwama. Batani halisi ya kuzima ni ile yenye alama NC, iliyofungika muda wote isipobonyezwa. Kwa hiyo volti 24 zinapita na PLC inasoma TRUE. Ukiichora kwa mkwaju eti kwa kuwa ni NC, pampu itawaka tu mtu akiwa ameshikilia batani ya kuzima! Na usiibadilishe kwa batani ya NO, iliyo wazi isipobonyezwa, ili kurahisisha mambo. Waya wa NC ukikatika, pampu inasimama papo hapo. Wa NO ukikatika, utabonyeza na mota itaendelea kuzunguka.

Kujaribu, nenda menyu ya Online, weka alama kwenye Simulation, bonyeza Alt+F8 kuingia, kisha F5. Bofya kontakti mara mbili kuandaa thamani, halafu Ctrl+F7 kuiandika. Tanguliza zima na ovalodi ziwe TRUE, kama zinavyosomeka katika hali ya kawaida, la sivyo utadhani programu ni mbovu. Ipe washa TRUE, kisha FALSE: pampu ibaki TRUE. Ipe zima FALSE: pampu izime. Irudishe TRUE: pampu isiwake yenyewe.

Ukitaka kuongeza swichi ya boya ya tangi, iingize kwenye ngazi hiyohiyo. Usichore koili ya pampu mara ya pili kwingine. PLC husoma ingizo, hupitia ngazi kutoka juu hadi chini, ndipo hutoa matokeo. Koili ya chini hufuta ya juu, nawe utahangaika kutafuta kosa lisiloonekana.

Ukifika kwenye vifaa halisi, toleo la PLC, yaani sehemu inayotoa amri ya umeme, liwashe koili ya kontakta tu, kamwe lisibebe mota. Koili ikiwa ya DC, ifungie diodi 1N4007 sambamba, upande wenye mstari uelekee chanya, maana inapozima hurusha volti kubwa zinazoua toleo. Kontakti 95-96 za ovalodi ziingie kwenye PLC na pia zikate umeme wa koili moja kwa moja. Batani ya dharura nayo ikate umeme huo kwa waya, bila kuisubiri programu.