Pijo ya mzee: spea gani uifanye upya, gani uiache vile ilivyo

Kwa meza yangu hapa niko na simba hana uso. Ni yule simba wa grili ya Peugeot 504, ana mkia, ana miguu, kucha unaziona ukimgeuza kwa mwanga, lakini kichwa kimekuwa laini kama kijiko cha uji. Nilimpeleka Grogan, kule kwa mafundi wa magari Nairobi, mimi mwenyewe, akiwa na madoadoa ya kutu na kromu imebabuka kidogo tu, nikamwambia fundi amng'arishe, fundi akasema "mdosi rudi saa kumi, utajiona kwa hii kitu," na kweli saa kumi nilijiona, maana mashini ilikuwa imekula kromu, ikakula kile chuma cha chini, ikamalizia na manyoya ya simba. Shilingi mia tatu. Gari ilikuwa ya marehemu babangu na huyo simba alikuwa amekaa pale mbele tangu itoke kampuni.

Sasa haya ni ya mtu yeyote ameachiwa gari ya zamani, iwe Pijo, Datsun, Land Rover ya mgongo mgumu au VW ya mwalimu mstaafu, na kila mtu anamwambia "ipigwe rangi yote, iwekwe vitu mpya, itoke kama ya juzi." Usikimbie. Mimi kila kipande nakiuliza maswali mawili kabla nishike spana. La kwanza: hii kitu ikikataa nikiwa nateremka Mai Mahiu, tutafika chini tukiwa wazima? La pili: nikikosea hapa, naweza kurudi nilipokuwa jana?

Kama jibu la kwanza ni hapana, maneno ya uorijino yaishe hapo hapo. Hosi za breki, sili za silinda za magurudumu, sili za masta silinda, hosi za petroli, mikanda ya viti, tairi. Hizo weka mpya bila kulia. Hosi ya breki inaweza kuwa nzuri kabisa kwa nje na kwa ndani imefura mpaka mafuta yanaenda lakini hayarudi, ndiyo unaona gurudumu moja linashika breki peke yake na unaanza kulaumu shoo za breki. Tairi nayo usiangalie meno, angalia tarehe: ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa yale maandishi ya DOT, 3409 ni wiki ya 34 ya mwaka 2009, na kama unapata tarakimu tatu tu basi hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, iweke bembea ya watoto. Waya pia. Ukikunja waya na ganda linakatika kama biskuti, hiyo ni moto unangoja siku yake, badilisha, lakini fuata rangi zile zile za waya za zamani ndio atakayekuja baada yako asikutukane.

Na hapo kwa breki kuna jambo linanikera sana. Shoo na pedi nyingi za zamani, na gaskiti pia, zilitengenezwa na asbesto. Fundi akifungua dramu, kitu ya kwanza anachukua kompresa anapuliza ile vumbi, inamwingia yeye, inakuingia wewe na yule kijana wa kubeba spana. Mwambie alowanishe na maji ya sabuni afute na kitambaa, kitambaa kifungwe kwa karatasi ya plastiki. Akikucheka wacha acheke.

Vitu vingine vyote sasa vinaingia kwa swali la pili, na hapa ndipo watu wanaharibu. Rangi ya kampuni ikishakwanguliwa imeenda. Kitambaa cha kiti kikishang'olewa ni cha jalala. Kwa hivyo kazi ya kwanza kabisa ni simu: piga picha kila kitu kabla hujafungua, vile waya zimepita, klipu imeangalia wapi, stika za chini ya boneti hata kama hazisomeki. Ile pleti ya chesisi na riviti zake usiiguse, fundi wa rangi akitaka kuitoa "nitairudisha baadaye" mkatalie, azungushie karatasi na selotepu. Halafu toa logbook ulinganishe namba ya injini na ya chesisi na kile kiko kwa gari, maana magari haya yamepita mikono mingi, unaweza kupata injini ilibadilishwa zamani na hakuna mtu alipeleka habari. Hata rangi, ukiitoa nyeupe uifanye kijani lazima NTSA, wale wa kusajili magari, wajue ndio logbook ibadilishwe. Hiyo peke yake imewafanya watu wengi wabaki na rangi ya kampuni, na mimi nafurahi.

Kisha osha. Sichezi, osha tu kwanza. Gari imekaa nyuma ya nyumba miaka kumi chini ya mparachichi, kile unaita "rangi imekufa" mara nyingi ni uchafu na jua. Chukua kompaundi ya kung'arisha, ile laini si ile ya kukwangua, jaribu mahali hapaonekani kama ndani ya mlango, sugua na kitambaa kwa mkono. Kama kitambaa kinatoka na rangi ya gari usiruke, rangi za enzi hizo nyingi hazikuwa na varnishi ya juu kwa hivyo rangi yenyewe ndiyo unasugua, ni kawaida, ila ujue haina unene wa kuchezea, ukiona kijivu cha chini kinachungulia kwa kona umeshapita. Maliza na waksi. Gari yangu ilikuwa inaonekana kama ukuta wa shule, na Jumamosi mbili za kusugua zikatoa ile bluu ambayo nilikuwa naiona tu kwa picha za harusi ya dadangu mkubwa. Ina mikwaruzo, ina mahali babangu aligonga geti, nimeiacha. Na usipige msasa mkavu rangi ya zamani nyumbani kwa watoto, nyingi zilikuwa na risasi ndani, zile za madini, tumia msasa wa maji.

Kromu, sasa. Kromu si rangi, ni tabaka: shaba chini, nikeli, halafu kromu nyembamba sana juu. Ile kutu ya vidoti mara nyingi inatoka kwa vitundu vidogo, haimaanishi bampa imeoza. Chukua foili ya kufunikia nyama choma, ikunje, ichovye kwa maji, sugua polepole. Foili ni laini kuliko kromu kwa hivyo haichori, na kutu inatoka na tope jeusi, unafuta, unapaka waksi. Hiyo ndiyo simba wangu alihitaji. Foili ya shilingi mia moja na hamsini na ingebaki nyingine ya kuchomea viazi. Kurudishia kromu upya fanya tu kama imebanduka maganda, na kabla ya kukubali muulize fundi anaweka shaba na nikeli chini au anapiga moja kwa moja, akisitasita beba bampa yako uende.

Kutu ya vitu vidogo vya chuma, breketi, bawaba, jeki ya gari, nati za kampuni, hapo tuko na bahati sisi watu wa Kenya kwa sababu dawa yake inatoka Magadi hapo chini. Si ile magadi ya mawe ya sokoni ya kulainisha githeri, hiyo ina chumvi na mchanga, tafuta soda ashi safi ya unga. Beseni ya plastiki, maji, kijiko cha mezani kimoja kwa kila lita nne hivi. Kipande chako cha kutu kining'inize ndani na waya, funga upande wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Upande wa chanya funga kwa kipande cha chuma cha kutupa, ambacho kisiguse kile chako. Ukichanganya hasi na chanya, ni kipande chako ndicho kitaliwa, kwa hivyo angalia mara mbili. Washa, utaona povu, wacha masaa, hata usiku mzima, nje kwenye hewa na si jikoni, kwa sababu povu hilo lina haidrojeni na inashika moto. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Asubuhi unasugua na brashi chini ya maji, kutu imekuwa tope jeusi inatoka yenyewe, na chuma kizima hakijaguswa, hata alama za kampuni zinasomeka. Kausha jua kali, paka mafuta saa hiyo hiyo, ukienda kunywa chai utarudi ukute imeanza kuwa ya machungwa tena. Vitu vya kutoingiza humo: alumini, maana magadi inaikula, chochote cha kromu, na springi. Na chuma cha kutupa kisiwe stenlesi, kinatoa sumu kwa maji, wala mabati.

Kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa, niseme kidogo kwa sababu hapa ndipo spea mpya inaweza kuwa mbaya kuliko ya zamani. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini inataka petroli kidogo kuliko ile ya Mombasa au Ufaransa. Kama gari iliuzwa hapa huenda jeti zake, vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli, zilichaguliwa kwa hii hali yetu. Sasa unaagiza seti ya spea za kabureta mtandaoni, inakuja na jeti mpya zinang'aa, fundi anaweka zote, gari inaanza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe. Jeti zina namba ndogo zimechapwa kichwani, soma za zamani na lenzi kabla ya kutupa. Badilisha gaskiti, sindano na vya mpira, jeti za zamani osha uzirudishe. Na usizizibue kwa waya, shaba ni laini, unapanua tundu bila kujua.

Viti na dashibodi, asante kwa wazazi wetu wa kufunika kila kitu. Babangu alikuwa amevalisha viti kitambaa cha maua, juu ya kifuniko kingine, nilipotoa yote nikakuta kiti cha kampuni hakijawahi kuona jua. Nimerudisha kifuniko. Dashibodi ikiwa imepasuka usiipeleke kushonewa ngozi mara moja, ufa mmoja unaishi nao, wekea tu kivuli gari ikipaki.

Kuna wakati lakini lazima ukubali kukata. 504 haina chesisi ya peke yake, ile fremu ya chini, kama Land Rover, bodi yenyewe ndiyo inabeba gari, kwa hivyo kutu ikiwa chini ya milango, kwa sakafu, au pale juu shokabsoba za mbele zinaposhika, hiyo si historia, hiyo ni hatari, ikatwe na bati jipya lichomelewe. Chukua sumaku ya friji uifunge kwa kitambaa, ipitishe chini ya milango: pale haishiki kuna filla, ile ya kujazia mashimo kabla ya rangi, na chini ya filla hujui kuna nini, nimewahi kuona gunia. Gari ya Mombasa, kwa ile chumvi ya bahari, kagua mara tatu. Mzee mmoja wa bodi huko Kariobangi alinifundisha kugonga na mpini wa bisibisi, akiwa ameinama na sikio lake pale mlangoni, "kijana wangu, sikiza, hapa inalia kengele, hapa inalia kikapu." Kikapu kata. Kengele wacha, hata kama ina rangi ya kahawa kwa juu, ondoa kutu ya juu, paka mafuta ya kuzuia. Si ile oili chafu na dizeli tunapuliziwa chini ya gari, hiyo inafurisha bushi za mpira halafu unalipa mara mbili. Na bati la bodi lisipigwe mchanga kwa presha, linapinda na halinyooki.

Ukitaka kuipeleka Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, hapo hesabu inabadilika, huko wanainama mpaka chini ya tumbo la gari kutafuta uchafu, utatumia pesa na ni sawa, ni mchezo wake. Mimi yangu ni ya kwenda nayo Nyeri.

Kila kitu nilitoa, hata hosi zilizokufa, kiko kwa sanduku la bati la shule, kimefungwa kwa gazeti lililopakwa grisi, na kikaratasi kinasema kilitoka wapi na lini. Juzi fundi alihitaji kuona vile hosi ya hita ilikuwa imekunjwa, tukafungua, ikawa kazi ya dakika tano. Simba wa pili nilimpata kwa gari lililochinjwa huko Kariobangi, ana madoa kuliko yule wa kwanza, manyoya yote yako, nikamsugua na foili nikamfunga na skrubu za kampuni. Wa kwanza amebaki hapa mezani, fundi akija kuniambia ataning'arishia kitu namwonyesha yeye kwanza.