Jinsi ya kuomba usikatwe CASDI kwa sababu ya imani (California)

Ukifanya kazi California, stakabadhi yako ya mshahara ina mstari wa CASDI, yaani makato ya bima ya jimbo ya ulemavu. Mwaka 2025 makato yalikuwa asilimia 1.2, na tangu 2024 hayana kikomo hata ulipwe kiasi gani. Pesa hizo ndizo zinazokulipa ukiugua au ukijifungua, na humo humo ndimo zinamotoka zile wiki 8 za likizo ya kumlea mtoto mchanga au kumuuguza mzazi. Kuna waumini wanaoruhusiwa wasikatwe. Nimetoka kumsaidia shangazi yangu kuomba, na ilitula miezi mitatu.

Kwanza hakikisha inakuhusu. Msabato asiyegusa kazi Jumamosi, Mwislamu wa swala tano, Mkatoliki wa rozari kila jioni: hamumo. Kifungu cha 2902 cha sheria ya bima ya ukosefu wa ajira ya California kinamtaja mtu ambaye dini yake inafundisha kupona kwa maombi, naye anategemea hayo tu.

Fomu ni DE 5067, ya EDD, idara ya ajira ya California inayosimamia makato hayo. Kuijaza si kazi. Kazi iko kwenye sahihi, kwa sababu unaapa, na kiapo cha uongo ni jinai. Nilipomsomea Shangazi sehemu hiyo, kalamu ikasimama. Akautazama mkoba wake, ambao sote tunajua una Panadol alizoletewa kutoka Mombasa.

"Hizo ni za wageni, baba," akasema. Akazitoa, akaziweka juu ya friji, ndipo akatia sahihi. Wewe ukiwa na zako, ziwaze kabla hujaandika.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo tulipoumia. Nakala ni mbili: moja EDD, moja kwa mwajiri. Sisi tulipeleka kwa mwajiri tu, tukaenda zetu. Dada wa mishahara akaipokea kwa tabasamu, akaitia kwenye faili, na faili likalala. Mshahara wa kwanza, CASDI ipo. Wa pili, ipo. Kila nikipiga simu naambiwa "inashughulikiwa". Mwezi wa tatu ndipo mwenzake akauliza, "Ya EDD mlituma lini?" Tuma zote mbili siku moja, na ubaki na kopi yako.

Jua pia unachokiacha. Ukishajitoa, mama akilazwa kule nyumbani hakuna wiki 8 za malipo. Hilo umelikana kwa mkono wako. Siku za kuugua anazolipa mwajiri mwenyewe, angalau 5 kwa mwaka, zinabaki, kwa kuwa hizo ni sheria nyingine. Makato ya Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, nayo yanaendelea kama kawaida, kwa hiyo usiende kugombana na mtu kaunta.

Halafu kagua kila stakabadhi. Ya Shangazi iliposoma 0.00 aliomba niichapishe. Iko ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi.