Somo: Kupima mwili kabla na baada ya akupancha

Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano kwenye nukta za mwili. Leo hatuchomi mtu. Sindano ni za aliyesomea. Sisi tutabonyeza kwa dole gumba. Tunachouliza: ukibonyeza nukta ya meridiani (mstari ambao tiba hiyo husema nguvu ya uhai hupitia mwilini), mwili hubadilika zaidi kuliko ukibonyeza pembeni?

Hatua ya 1. Mpimwa akae kivulini dakika 15, bila kahawa wala sigara. Aliyetoka kupanda kilima cha Naguru mchana mapigo yake yatashuka yenyewe, nawe utajisifu umemtibu.

Hatua ya 2. Tafuta Neiguan, nukta ya meridiani iliyo mkononi, upande wa kiganja: vidole vitatu (vyake, si vyako) kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili. Akikunja ngumi kano hujitokeza. Weka alama. Weka na ya pili, ya kulinganisha, pasipopita mstari wowote.

Hatua ya 3. Mapigo na presha, mara tatu, chukua wastani. Kwa oksimita (kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma mapigo), kidole kisiwe na rangi ya kucha wala hina.

Hatua ya 4. Ukinzani wa ngozi (jinsi inavyozuia umeme kupita), na hapa ndipo watu hujidanganya. Yoshio Nakatani wa Japani alidai mwaka 1950 kwamba kuna nukta zinazopitisha umeme zaidi kuliko ngozi ya jirani. Lakini jasho pekee hushusha ukinzani, na ukikandamiza ncha ya multimita (kipimo cha umeme) kwa nguvu unashuka zaidi. Kwa hiyo tupa ncha, tumia stika za kupimia moyo, zote za aina moja. Moja ibaki juu ya mkono muda wote. Ya pili kwanza kwenye mstari, halafu stika mpya nje ya mstari. Kila mara subiri muda uleule jeli ilowanishe ngozi. Tumia multimita ya betri tu, isiyounganishwa na umeme wa ukutani.

Hatua ya 5. Rusha sarafu kuchagua nukta ya leo. Nyingine siku nyingine, saa ileile. Bonyeza dakika 3, pima papo hapo, pima tena baada ya dakika 10. Anayeandika namba asijue imebonyezwa ipi.

MASWALI

Mwanachama, Arua: Mwalimu, mapigo yakishuka si meridiani imethibitika?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Chini ya Neiguan unapita mshipa mkubwa wa fahamu, na huo ukiguswa ubongo hupata habari. Mwaka 1977 watafiti Marekani waliona naloksoni, dawa inayozuia endofini (kemikali ya mwili ya kutuliza maumivu), ikipunguza nafuu ya maumivu iliyoletwa na akupancha. Hiyo ni kemia ya mwili, haihitaji mstari.

Mwanachama, Jinja: Simu yangu inapima mapigo. Inatosha?
Jibu: Kwa mapigo, ndiyo, mkono ukitulia. Presha, hapana.

Mwanachama, Kampala: Nipime watu wangapi?
Jibu: Dada, anza na mmoja, mara nyingi, nukta zote mbili. Namba zake zikirukaruka hata siku ambayo hukubonyeza kitu, shida iko kwenye upimaji; rudi hatua ya 1.