Mama wa njiti, usiishi kwa mzani

Mwenzangu uliyebaki wodini na njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, uwe hospitali ya Meta hapa Mbeya au ya wilaya kule Tukuyu, kinachowaliza wengi wetu ni mzani. Kila asubuhi watoto wanavuliwa, wanapimwa, na akina mama wanaulizana, "Wako kaongeza?" Usiingie kwenye ligi hiyo. Watoto wengi hupungua siku za mwanzo, na njiti anaweza kuchukua wiki mbili hivi kurudia uzito aliozaliwa nao. Wangu aliposhuka nililia mpaka nesi akaniuliza kama nimekunywa uji. Sikuwa nimekunywa. Wewe kunywa kwanza, halafu muulize nesi: anapumua vizuri, maziwa yanakaa tumboni? Ukishajibiwa, mzani ni hadi kesho.

Akiruhusiwa kukaa kifuani, hapo ndipo na wewe utaanza kupata nafuu. Vua blauzi na sidiria. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, asimame katikati ya matiti, kichwa kimegeukia upande na kidevu kimeinuka kidogo ili apumue. Kaza khanga, ukingo wa juu uishie chini ya sikio lake, kisha vaa sweta. Baridi ya Juni hapa kwetu haina utani. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Hata kusinzia unasinzia naye, umeegemea mito. Mimi pumzi yake kifuani ilinituliza kuliko pole zote. Baba naye ana kifua, mwachie ukaoge.

Kukamua usiku ndiko kunakochosha. Mguse mtoto kwanza, kunywa kitu cha moto, ndipo ukamue, maana hofu huchelewesha maziwa kushuka. Yakitoka matone tu, usichungulie kikombe cha jirani. Njiti mchanga hupewa mililita chache kwa mpira mwembamba wa kulishia.

Simu za ndugu mpe wifi mmoja azipokee. Shangazi akiuliza ulibeba nini kizito, ajibiwe huko huko.

Wiki mbili zikipita huli, hulali hata mtoto akilala, au ukimshika huhisi chochote, mwambie nesi: huenda ni sonona, na inatibika. Wazo la kujidhuru halisubiri hata saa moja. Ukishindwa kulitamka, mwambie mama wa kitanda cha pili akusemee.