Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpa Mbwa Mitishamba kwa Tumbo Lisilopona

Mbwa aliyeharisha baada ya kula mzoga jalalani kwa kawaida hupona mwenyewe ndani ya siku mbili tatu, na maelezo haya hayamhusu. Yanamhusu yule ambaye tumbo limemsumbua kwa wiki tatu au zaidi: leo kinyesi kigumu, kesho maji matupu, keshokutwa anatapika povu la njano, huku mifupa ya mgongo ikianza kuhesabika. Huo ndio ugonjwa sugu, na ndio unaowasukuma wenye mbwa kwenye mitishamba, kwa sababu wamechoka kulipia sindano ambazo nafuu yake haidumu. Simlaumu aliyefika huko, kwani mitishamba kadhaa ina kazi ya kweli tumboni. Lakini yapo mambo ambayo ni lazima yatangulie, na mojawapo nimeona likimgharimu mbwa uhai.

Kwanza, ugonjwa wenyewe ujulikane. Kuhara ni dalili tu, na nyuma yake panaweza kuwa na minyoo ya safura, giardia (kijidudu cha utumbo kisichoonekana kwa macho), chakula kisichomkubali, ini, figo, kongosho lililodhoofika au kuvimba kwa ukuta wa utumbo. Peleka kinyesi kibichi maabara, na usiridhike na jibu moja la kwamba hakuna kilichoonekana, kwa kuwa mayai ya baadhi ya minyoo hayatoki kila siku, rudia kipimo. Mwenye German Shepherd anayekula kwa pupa lakini anazidi kukonda, na anayetoa kinyesi kingi, laini, chenye mafuta, aulizie kipimo cha damu cha kongosho. Mbwa wa aina hiyo hupatwa sana na kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha, na tiba yake ni kuchanganyiwa vimeng'enya hivyo katika kila mlo maisha yake yote. Hakuna jani wala mzizi unaoshika nafasi hiyo. Daktari wa karibu akikwama, ulizia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au kwa walio Kenya, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete.

Pili, badilisha chakula kabla ya kununua dawa yoyote. Mbwa wengi wenye tumbo sugu hupata nafuu kwa chakula peke yake, na dalili ya nafuu huonekana ndani ya wiki mbili hivi. Chagua aina moja ya nyama ambayo hajaizoea, na wanga mmoja kama wali au viazi, kisha ushikilie hapo bila kumrushia mfupa, mkate wala mabaki ya pilau. Watoto na wageni waambiwe mapema, maana mara nyingi wao ndio wanaoharibu jaribio. Chunguza pia unga unaomsongea ugali. Mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki ya Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa huumia nayo upesi. Nimeona watu wakinunua pumba zenye ukungu kwa sababu ni za bei ya chini, halafu wakatumia fedha nyingi zaidi kutafuta mizizi ya kumtuliza mbwa tumbo.

Mpime uzito. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Bila uzito hakuna dozi.

Weka daftari. Andika kila siku alichokula, mara alizokwenda haja, na kinyesi kilivyokuwa. Kinyesi kidogo kidogo cha mara nyingi, chenye ute au damu mbichi, kwa kawaida huelekeza kwenye utumbo mpana; kinyesi kingi pamoja na kukonda, au kinyesi cheusi cha kunata, huelekeza juu zaidi, kwenye utumbo mwembamba au tumbo lenyewe. Daktari atakushukuru kwa daftari hilo kuliko kwa maelezo ya kukumbuka.

Sasa mmea wenyewe. Ujue kwa jina, ujue ni sehemu gani inayotumika, na ujue unatarajiwa kufanya nini. Maganda ya isabgoli, yanayopatikana katika maduka ya viungo na ya dawa, ni nyuzi zinazovuta maji na kukipa kinyesi umbo. Madaktari wenyewe huyatumia kwa kuhara kwa utumbo mpana, mradi yalowekwe vizuri na mbwa awe na maji ya kunywa muda wote, la sivyo huweza kuziba njia. Unga wa gome la mti wa Marekani Kaskazini uitwao Ulmus rubra (slippery elm) hutoa ute unaotanda kwenye ukuta wa utumbo, lakini ute huo huchelewesha dawa nyingine kufyonzwa, hivyo hupewa kwa kupishana na dawa kwa saa mbili au zaidi. Manjano na tangawizi vina sifa njema, ila vyote viwili huweza kupunguza kasi ya damu kuganda, na pilipili manga inayochanganywa na manjano ili yafyonzwe vizuri hufungulia mlango dawa nyingine pia, zikaingia mwilini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa.

Mshubiri ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu upo katika kila uwanja na kila mtu ana ushauri wake. Ukikata jani lake utaona maji ya njano yakichuruzika kutoka chini ya ganda, kabla hujafikia ute mweupe wa ndani. Maji hayo ya njano ni dawa ya kuharisha, na kali. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa mshubiri katika dawa za kuharisha za binadamu zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Anayeponda jani zima na kumnywesha mbwa anayehara anamwongezea ugonjwa ule ule anaotaka kuutibu. Mwarobaini nao usipewe kwa kukisia. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo.

Soma maandishi ya chupa hadi mwisho. Baadhi ya dawa za maji za binadamu hutiwa zailitoli, sukari bandia ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa ghafla na inaweza kuua ini. Nyingine huchanganywa na pombe. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka mimea, hasa ya mti chai (tea tree), hayafai kinywani mwa mbwa hata tone. Tazama kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania, au na mamlaka ya dawa za mifugo ya nchi yako, na usidhani kwamba kilichotoka ng'ambo kimekaguliwa zaidi: Marekani, sheria ya mwaka 1994 inayosimamia virutubisho iliwekwa kwa ajili ya binadamu, na mamlaka yao imeshatamka kwamba haihusu wanyama.

Kama mbwa yuko kwenye prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe, usiiache siku unapoanzisha mitishamba. Mwili uliotumia dawa hiyo kwa wiki kadhaa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiikata ghafla mbwa huweza kuanguka, akatapika na kufa. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Angalia pia asipewe mchanganyiko wenye mizizi ya susi (licorice), ambayo huzidisha kazi ya dawa hiyo na kupoteza potasiamu, wala gome la mti jamii ya Salix (willow), lenye kemikali ya jamaa ya aspirini, ambalo likikutana na prednisoloni huleta vidonda tumboni.

Ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote ni hili: kila kinachoingia kinywani mwa mbwa, daktari akijue, kwa jina na kwa kiasi, hata kama wewe hukihesabu kuwa ni dawa. Mama mmoja jirani yetu, Arusha, alikuwa na mbwa mkubwa aitwaye Simba, aliyehara kwa miezi kadhaa, akapona, akahara tena. Rafiki yake akamletea chupa ya mchanganyiko uliosagwa wa kitunguu maji, kitunguu saumu, mshubiri na asali, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kinyesi kikawa kigumu, na mama akafurahi. Hapo ndipo watu wengi wanaposhikwa, kwa sababu ugonjwa sugu wa utumbo hupanda na kushuka wenyewe, na sifa ya nafuu ambayo ingekuja hata bila chochote hupewa chupa. Wiki iliyofuata Simba akaacha kupokea watu getini. Alilala barazani mchana kutwa, na alipokojoa, mkojo uliotapakaa kwenye sakafu ya saruji ulikuwa kama chai ya rangi.

Daktari aliyeitwa alivuta mdomo wa juu, akaona fizi nyeupe, akaona kupe wawili nyuma ya sikio, akahitimisha kuwa ni babesia, ugonjwa wa vijidudu vya damu unaoenezwa na kupe. Kwa mahali kama Arusha hilo ni hitimisho la busara: fizi kupauka, mkojo wa rangi, kupe. Aliuliza kama mbwa anatumia dawa yoyote, na mama akajibu, "Hapana, daktari." Hakudanganya. Kwake ile chupa ilikuwa chakula, vitu vya jikoni. Simba akachomwa sindano ya babesia, ambayo yenyewe huweza kumtoa mbwa mate, kumtapisha na kumharisha, na tumbo lililokuwa bovu likazidi kuwa bovu. Mama akaongeza kipimo cha chupa ili mgonjwa apate nguvu.

Nilikuwepo siku alipopelekwa kliniki. Damu iliwekwa chini ya hadubini na hakikuonekana kijidudu hata kimoja. Zilionekana chembe nyekundu zenye vivimbe pembeni, alama ya vitunguu. Vitunguu vyote, kibichi au kilichopikwa, cha maji au saumu, vina kemikali zinazounguza chembe nyekundu za mbwa hadi zipasuke, na madhara huja siku kadhaa baada ya kula, kwa hiyo mtu hayahusishi na alichompa mbwa juzi. Daktari huyu aliuliza kwa namna nyingine: "Mama, tangu mwezi uliopita, ni kitu gani kimeingia kinywani mwa mbwa huyu ambacho si ugali wala nyama?" Mama akafungua mkoba, akatoa chupa. Alikuwa ameibeba ili asiruke dozi ya mchana. Ndugu wa mama alileta mbwa wake atoe damu ya kumwongezea Simba, lakini saa zilikuwa zimekwenda, na Simba alikufa alfajiri. Chanzo cha kuhara kwake hakikujulikana kamwe, kwa kuwa muda wa kukitafuta uliliwa na chupa.

Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Beba chupa, beba kifuko, beba jani lenyewe kama hulijui jina, uliweke mezani kwa daktari kabla hajashika sindano. Ukiogopa kukemewa, kemewa. Daktari asiyejua atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Ukiruhusiwa kuanza, anza na mmea mmoja, kwa kiasi kidogo, na usiongeze wa pili hadi wiki mbili zipite, vinginevyo hutajua kipi kimesaidia na kipi kimedhuru. Changanya kwenye chakula. Usimwinue mbwa kichwa na kummiminia dawa kwa chupa ya soda kama ndama, hasa aliyedhoofika, kwa sababu kimiminika huingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Zoea kuzitazama fizi zake akiwa mzima: bonyeza kwa kidole, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukishajua rangi yake ya kawaida utaitambua isiyo ya kawaida. Zikipauka au kuwa za manjano, mkojo ukigeuka rangi, kinyesi kikiwa cheusi, tumbo likijaa maji au likivimba ghafla huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, acha mitishamba na uende kliniki saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wiki nne zikipita bila mabadiliko yanayoonekana kwenye daftari, mmea huo haumsaidii, usiongeze kiasi.

Mbwa mwenye mimba na watoto wa mbwa wasipewe bila daktari kusema. Atakayefanyiwa upasuaji, mwambie daktari mapema kuhusu manjano na tangawizi ili akwambie lini uache. Unga wa mitishamba uwekwe pakavu, kwenye chombo kinachofunga, na ukinusa uvundo umwagwe shimoni, mbali na kuku. Paka wa nyumbani asiguse bakuli hilo, kwani vitunguu vinamdhuru hata kuliko mbwa. Na jirani akikuomba umgawie kidogo kwa ajili ya mbwa wake, muulize kwanza huyo mbwa ana uzito gani, anaumwa nini, na anatumia dawa gani. Kama hana majibu, usimpe.