Jinsi ya kuandika kisa cha watoto wanaojigeuza wanyama: mifano kutoka Pemba

Ukitaka kuwaandikia watoto wa miaka 8 hadi 12 hadithi ya wenzao wanaojigeuza wanyama ili wapambane na uovu wa kale, usianze na uovu. Anza na mnyama. Kazi hii naifanya Pemba, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku.

Hatua ya 1: Mchague mnyama unayeweza kwenda kumtazama

Mimi humchagua popo wa Pemba, ambaye hapatikani kisiwa kingine chochote. Akitandaza mabawa hufikia kama mita 1.6. Nenda Kidike, si mbali na Chake Chake, ukae chini ya miti wanakolala mchana. Utawasikia wakigombania matawi. Subiri mpaka magharibi waruke, na uandike unachonusa pamoja na unachokiona.

Kunusa kuna sababu. Waandishi wengi humfanya popo kipofu anayeongozwa na mwangwi wa sauti yake. Popo wetu ni mla matunda, anategemea macho na pua. Basi msichana wako, tumwite Time, akijigeuza usiku wa kwanza hatasikia kuta. Andika hivi: "Time alilinusa embe dodo la kwa kina Faki kabla hajauona mwembe wenyewe." Sentensi moja, na msomaji keshaingia ndani ya mwili mpya.

Chui naye ni mzuri sana, ila ni wa Unguja. Huko wazee wamesimulia miaka mingi kwamba wachawi humfuga na kumtuma. Mtoto anayejigeuza chui ataogopwa na kijiji chake mwenyewe, na hicho ni kitabu kingine kabisa.

Hatua ya 2: Kila umbo liwe na bei

Uwezo usio na bei huua hadithi. Bei hiyo itafute kwenye mwili wa mnyama. Tuseme Faki anageuka kaa wa minazi, kama wale wa kisiwa cha Misali. Kaa mkubwa ana gando la kupasua nazi, lakini akiwa mdogo tumbo lake ni laini na lazima ajifiche ndani ya kombe la konokono. Faki anayejigeuza kwa mara ya kwanza ni kaa mdogo. Hana silaha, anatafuta kombe, na adui anakuja.

Kisha weka sheria moja ya wakati. Yangu ni bahari: wanajigeuza siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, yakiwakuta, wanabaki na umbo walilonalo mpaka bamvua nyingine. Mtoto wa mvuvi ataanza kuhesabu siku kabla hujamwambia, na hofu anayojihesabia mwenyewe ni kali kuliko yoyote utakayomwandikia. Sheria hii usiivunje hata mara moja, hata ikikubana kwenye pambano la mwisho. Hasa hapo.

(Wataulizia nguo zinakwenda wapi. Lijibu hilo sura ya kwanza.)

Hatua ya 3: Upe uovu tendo moja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Fika Pujini, kwenye magofu ya ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na mtawala Mkama Ndume. Masimulizi yanasema aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijiburura kwa makalio. Ipo pia habari ya kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane, na chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa, ile pembe kubwa ya kupuliza, kwenye lipu ya ukuta.

Usimchukue Mkama Ndume mwenyewe ukamfanya dude. Chukua lile tendo la kuwaburura watu. Nilivyofanya mimi: zimwi limelala chini ya ngome, na likipuliza siwa, kila anayeisikia huporomoka na kutambaa. Mwenye mabawa hawezi kuruka. Lakini kaa hutambaa siku zote, haimpunguzii kitu! Yule mdogo aliyedharauliwa tangu sura ya pili ndiye pekee anayeweza kulifikia.

Wahenga wametupa na fundo la hadithi: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jiulize zimwi linamjua nani kati ya watoto wako, na kwa nini linambakisha.

Popobawa, jini anayesimuliwa kushambulia watu usiku, muache. Hofu ya mwaka 1995 iliwaumiza watu wa kweli, na maelezo yake si ya watoto. Wala usitaje mzimu ambao watu bado wanakwenda kuweka nadhiri.

Hatua ya 4: Wazee wabaki nyumbani, wakiwa hai

Si lazima uwafishe wazazi ili watoto wapate uhuru. Bibi anayeshuku anatosha:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona kucha zina utomvu?"

Hatua ya 5: Isome kwa sauti

Wakusanye watoto jioni, wakishatoka chuo cha Kurani. Sema "Paukwa!" nao wakujibu "Pakawa!", kisha soma sura moja isiyozidi dakika kumi. Uwe na penseli. Wanapoanza kuchezea mchanga, weka alama pembeni ya mstari huo. Wanapokukatiza kwa swali, weka alama nyingine. Kesho yake futa penye alama za kwanza, na penye alama za pili ongeza ukurasa.