Hotrodi ya Ford kupe ya 1932: chasisi kwanza, V8 baadaye

Hotrodi ni gari la zamani lililotiwa injini yenye nguvu zaidi. Ford ya 1932 ilitoka kiwandani na V8 ya inchi za ujazo 221, nguvu farasi 65, na breki za kuvutwa kwa fimbo. Injini tutakayoiweka, V8 ya Chevrolet 350 (inchi za ujazo 350), ikifungwa kwa utaratibu hutoa farasi 300 bila kujitutumua. Anayeanza na injini hupata gari linalonguruma vizuri, lisilosimama wala kunyooka barabarani. Kwa hiyo anza chini.

Kwanza bodi. Kupe za zamani zina mbao ndani yake, na katikati ya paa si bati bali kitambaa. Mbao zikioza, milango hushuka. Kagua sentimita 10 za chini kuzunguka bodi nzima, ndiko kutu inakojificha. Siku hizi kuna bodi mpya za chuma zinazotengenezwa Marekani, na mara nyingi ni nafuu kuliko kufufua kuukuu lililooza. Kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma vya kukaza bodi kwa ndani, toka nguzo hadi nguzo. Ukisahau, mlango hautafunga tena.

Reli za fremu zimekunjwa kama herufi C, upande mmoja uko wazi. Zifunge kwa bamba la milimita 3, kwa vipande vya kuchomelea vya sentimita 3 hivi, ukihama kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ukichomelea mfululizo, joto litaipinda fremu. Pima kwa mshazari kila baada ya hatua. Tofauti ikizidi milimita 3, simama urekebishe. Toka ekseli hadi ekseli ni inchi 106, yaani milimita 2,692.

Mbele, ekseli ya chuma iliyoshushwa inchi 4 na springi moja ya kukingama hutosha, na ndiyo sura yenyewe ya hotrodi. Weka kasta, yaani mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, ya digrii 5 hadi 7. Ikipungua gari litatangatanga. Ukitumia boksi la steringi la Chevrolet Vega, fimbo inayovuka kwenda gurudumu la pili ilale sambamba na fimbo inayounganisha magurudumu, la sivyo kila shimo litakugeuzia usukani. Ongeza pia fimbo ya panhard, inayofunga ekseli na fremu zisihamane pembeni. Springi ya kukingama imening'inia kwenye shakoli, yaani vishikio vinavyobembea, kwa hiyo unapozungusha usukani ekseli hubaki palepale huku fremu ikisogea pembeni. Dereva huhisi usukani mlegevu na kulaumu boksi ambalo ni zima kabisa.

Nyuma, difu ya Ford ya inchi 9 huvumilia nguvu hii bila kelele. Chagua uwiano wa difu wa 3.50 ukiwa na tairi zenye kipenyo cha inchi 29: kwa kilomita 100 kwa saa na gia ya mwisho ya moja kwa moja, kama ya gia boksi otomatiki ya TH350, injini itazunguka kama mara 2,500 kwa dakika. Wanaoweka 4.11 kwa sifa hufika 2,950 kwa mwendo uleule, na safari ndefu huwa adhabu.

Sasa weka bloku tupu na gia boksi tupu kwenye fremu, bodi likiwa juu. Distribyuta ya Chevrolet iko nyuma, karibu na ukuta wa kabini: acha nafasi ya kuizungusha na kuichomoa. Ukikosa nafasi mbele, tumia wota pampu fupi ya Chevrolet za kabla ya 1969, inaokoa zaidi ya inchi moja. Injini ilale nyuma digrii 3, na pua ya difu iinuke digrii 3, ili mistari miwili iwe sambamba. Pembe zikitofautiana, propela itatetemesha gari hata ukiibalansi mara kumi.

Katika kufunga injini, tumia spana za inchi. Bolti za hedi zina kichwa cha 5/8 ambacho spana ya 16 hushika, lakini nati za fimbo za pistoni ni 9/16: ya 14 haiingii, ya 15 inalainisha kona. Uwazi wa beringi za krenki uwe milimita 0.05 hadi 0.06. Pengo la ringi ya juu lisipungue milimita 0.41 kwa silinda ya inchi 4. Kaza beringi kuu Nm 95, fimbo Nm 61, hedi Nm 88, kwa awamu tatu. Bolti za hedi hupenya hadi kwenye maji, basi paka dawa ya kuziba kwenye nyuzi zake. Usipofanya hivyo maji yatapanda taratibu, na utabadilisha gasketi isiyo na kosa.

Kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya tapeti bapa, zisizo na rola, ndiyo inayokufa kuliko kitu chochote kingine hapa, na hufa katika dakika za mwanzo. Mafuta huifikia kwa kurushwa na krenki, hivyo injini ikizunguka polepole bila kukanyaga akselereta hailowani vya kutosha. Paka grisi yake maalumu, tumia oili yenye zinki ya kutosha, na kama springi za valvu ni mbilimbili, toa za ndani kwa muda. Zungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu la distribyuta, kwa mwelekeo wa saa, mpaka roka zote 16 zitoe oili. Kabla ya kuwasha, jaza petroli kwenye kabureta na urekebishe taiming (wakati wa plagi kutoa moto), ili injini iwake mara moja. Ikiwaka, ipeleke mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika na uiache humo dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogo.

Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 ziko jirani na huwaka kwa kufuatana. Waya zake zikilala pamoja, moto wa moja huruka kwenye nyingine. Zitenganishe. Taiming yote iwe digrii 34 hadi 36, mpira wa vakyumu ukiwa umezibwa.

Masta silinda chini ya sakafu huwa chini ya kiwango cha kalipa, na mafuta ya breki hurudi yenyewe. Weka valvu ya kuzuia ya psi 2 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa diski na psi 10 kwa ngoma. Dalili ya kuikosa ni pedali kwenda chini mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, hata baada ya kutoa hewa.

Injini ikipata joto kwenye foleni, tatizo ni hewa: feni ndogo au haina kava. Ikipata joto ukiwa mbio, angalia rejeta, maji na taiming.

Mauntingi za raba hukata umeme, basi funga waya nene wa ardhi toka injini hadi fremu na hadi bodi, usije ukapitia kwenye kebo ya akselereta. Kabureta ya Holley inataka petroli ya psi 5 hadi 7. Kabureta ya zamani ya Stromberg 97 hufurika ukizidisha 3.

Usipake rangi bado. Endesha kilomita 100 gari likiwa chuma kitupu, kaza upya nati za magurudumu, yuboliti za springi na bolti za propela, angalia nyufa kwenye kila mshono, kisha lifungue lote ndipo umwite fundi rangi.